Viti vya feri ya Kalangala: nani apewe kwanza?

Mkazi wa Bugala

Ndugu zangu, tulijadili hili bila kutukanana. MV Kalangala, feri inayounganisha kisiwa chetu cha Bugala na Entebbe kwenye Ziwa Victoria, Uganda, ilianza kazi mwaka 2006, na hubeba abiria 108 na magari machache. Ratiba tuliyoizoea ni kuondoka Lutoboka, gati letu la Bugala, saa 2 asubuhi na kugeuza kutoka Nakiwogo, gati la Entebbe, saa 8 mchana. Kwenda mara moja, kurudi mara moja, basi. Siku za kazi hakuna neno. Ijumaa na sikukuu ndipo wenyeji na wageni wa Kampala tunapogombea viti vilevile.

Mimi nasema nusu ya viti vitengewe wenyeji mpaka ibaki saa moja feri iondoke, kwa kitambulisho cha taifa au barua ya LC1, yaani uongozi wa kijiji. Vikibaki, auziwe yeyote. Mtalii hupanga safari, mwenyeji safari humkuta. Mgonjwa anaandikiwa rufaa ya Entebbe leo, kesho asubuhi lazima awe majini. Wanaorudisha maiti nyumbani hawakati tiketi wiki mbili kabla. Mama muuza sangara akiachwa gatini, barafu inayeyuka sandukuni, samaki wanalegea, na hakuna wa kumfidia. Mtalii mwenye gari anaweza kupita Masaka, akavuka kutoka Bukakata hadi Luku, hapa Bugala, kwa feri ya bure.

Mhudumu wa hoteli, Lutoboka

Kaka, mimi pia mwenyeji, na mshahara wangu unatoka kwa hao wageni. Mgeni akikosa kiti Ijumaa haji Jumamosi, anakwenda zake Jinja. Anayeumia ni kijana wa bodaboda na mama wa chapati pale gatini. Halafu hiyo Bukakata unaitaja kirahisi: Kampala hadi Masaka tu ni kilomita 130 hivi, bado hujaona ziwa. Tusigawane kidogo kilichopo. Tudai safari ya pili Ijumaa na Jumapili, na mtalii alipe nauli ya juu.

Mkazi wa Bugala

Nauli ya juu kwa mgeni naiunga mkono. Ila dada yangu, safari ya pili inataka mafuta, mabaharia na fungu la serikali, na mgonjwa hawezi kungoja bajeti. Kutenga viti kunaweza kuanza Ijumaa hii hii, ni daftari na mtu mmoja mwaminifu dirishani.

Mvuvi wa Bufumira

Mnagombea viti, wengine hata gati hatuna. Visiwa vya Ssese, Bugala ikiwa kimojawapo, ni 84, na feri zote mbili mnazozitaja zinaishia Bugala. Sisi ni boti za mbao, watu juu ya magunia ya mukene (dagaa), na ziwa likichafuka ni kumwomba Mungu. Novemba 2018 MV Templar ilipozama upande wa Mukono na kuua zaidi ya watu 30, wavuvi kama sisi walikuwa miongoni mwa waliookoa walionusurika. Nauli ya ziada ya watalii itununulie majaketi ya kuokolea kwanza, ndipo mzungumzie viti.

Mkazi wa Bugala

Mzee, majaketi yaingie kwenye pendekezo, tena yatangulie viti. Sasa tuamue: pesa hiyo ishikwe na wizara Kampala, au ibaki wilayani ambako tunaweza kwenda ofisini kuuliza imefanya nini? Mimi nasema wilayani. Wenye hoja tofauti, leteni.