Tupeane uzoefu: chanjo ya mbwa na paka hapa Goma

Mwanzisha mada, Himbi
Mbwa wangu amefikisha miezi mitatu. Nataka achanjwe kichaa cha mbwa, lakini kila jirani ana neno lake. Mmoja anasema mbwa akichanjwa anapoteza ukali, hatalinda tena. Mliokwisha kuchanja, semeni.

Mama wa Ndosho
Ukali? Wangu kachanjwa mara nne na muuza makala ya kupikia bado anapigia hodi akiwa barabarani. Siku ya sindano alilala tu, hata bugali hakugusa. Kesho yake kawaida.

Kijana wa Katindo
Wetu alikuwa hatoki kiwanjani. Ukuta wa mawe meusi, geti, mnyororo. Tukasema, chanjo ya nini? Usiku mmoja mbwa wa njiani akaruka ndani, wakapigana. Wiki kama tano baadaye wetu akaanza kujificha chini ya gari, ukimwita haitiki. Kisha akawa anauma mnyororo wenyewe, udenda unamtoka, sauti imekauka. Akamuuma mdogo wangu mkononi.

Papa alikuwa anatafuta pilipili ya kupaka kwenye kidonda, dawa ya wazee. Shangazi, ambaye ni muuguzi, akamzuia. Alimwosha mtoto kwa maji na sabuni dakika 15, anatazama saa ya simu, mtoto analia. Kituo cha kwanza hakikuwa na sindano, cha pili tukaipata, na ilibidi kurudi tena na tena. Ugonjwa ule dalili zikishajitokeza, hakuna daktari wa kukurudisha. Mdogo ni mzima, anasumbua kama zamani. Mbwa alikufa siku ya nne. Fedha tulizotumia zingechanja mbwa wote wa kartiye.

Mwenye paka wawili, Kyeshero
Paka nao wanaumwa kichaa na wanakiambukiza, msitusahau. Wangu nawapeleka kwa pikipiki, ndani ya kikapu kilichofungwa kitenge, mwenye pikipiki akicheka njia nzima. Mwulize veterineri dawa yake inakaa wapi. Inatakiwa kuwa kati ya digrii 2 na 8, na umeme wetu mnaujua. Siku moja nilikuta chupa mezani, jua linaipiga. Nikageuza na kikapu changu. Alinuna, basi anune.

Mzee wa Majengo
Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tulikimbilia Sake, mbwa wakabaki. Kurudi, mbwa wanazurura, hujui wa nani, yupi kachanjwa, yupi hapana. Tangu hapo kijitabu cha chanjo nakiweka mfuko mmoja na karatasi za kiwanja.

Mwanzisha mada, Himbi
Asanteni. Naenda kesho asubuhi. Mama, nimpe chakula kabla?

Mama wa Ndosho
Mpe kidogo. Na mwakani umrudishe, hiyo ya kwanza peke yake haitoshi. Mimi nachagua 28 Septemba, siku ya dunia ya kichaa cha mbwa. Sherehe sina haja nayo, ila tarehe haipotei kichwani. Halafu mdomo umfunge kwa kitambaa laini, usitumie kamba.