L'heure espagnole: Ramiro anabebaje saa yenye mtu ndani?

PaziaJekundu: Wakuu, kuna mpango wa kuigiza L'heure espagnole, opera ya kuchekesha ya Ravel, kwa piano, bila okestra. Mambo mawili yanakwamisha. Ramiro, yule mwendesha nyumbu, apandeje ngazi na saa kubwa ya kusimama yenye mtu ndani? Na mbona noti zikiimbwa sawasawa kichekesho kinapoa?

FundiJukwaa: Habebi mtu, mkuu. Saa iegemee ukuta wa mandhari wenye mlango uliofichwa, na mgongo wake uwe wazi. Gonzalve, yule mshairi anayejificha humo, akishaingia anatokea nyuma, Ramiro anabeba ganda tupu. Litengenezwe kwa plaiwudi nyembamba, na ndani liwe na kishikio usawa wa bega. Lisiwe jepesi mno, maana likiyumba kama boksi watazamaji wanajua. Saa ya pili, ya Iñigo mwenye benki, ni kazi nyingine: huyo anakwama humo na lazima aonekane, hivyo mlango wa mbele ufunguke kabisa. Wekeni alama sakafuni. Saa zinapanda na kushuka mara kadhaa, na ikikosea moja tu, Gonzalve anaibukia kwenye saa ya Iñigo.

Libreto1904: La pili, rudini kwa Franc-Nohain, aliyeandika maneno ya opera hii. Mwanzoni ulikuwa mchezo wa kuigiza usio na muziki, ulichezwa ukumbi wa Odéon, Paris, mwaka 1904. Ravel aliuchukua karibu neno kwa neno, akapunguza hapa na pale, na opera ikatoka ukumbi wa Opéra-Comique mwaka 1911. Mwanzoni mwa noti ameagiza wazi: semeni kuliko kuimba, isipokuwa kwintet (wimbo wa watu watano) ya mwisho na sehemu kubwa ya Gonzalve, anayeimba kwa madaha. Wote wakiimba kwa madaha, yule mshairi hachekeshi tena, na vina vinazama. Someni maneno kwa sauti kwanza, bila piano, mpaka vina vyenyewe vichekeshe. Halafu msiongeze silabi kwenye “e” ya mwisho wa maneno ya Kifaransa pale ambapo Ravel hakuipa noti.

PaziaJekundu: Shukrani. Na zile metronomu (vifaa vya kupiga mapigo ya muziki) za utangulizi, ziachwe?

FundiJukwaa: Hapana! Ndizo duka la fundi saa Torquemada lenyewe. Ziko tatu: mapigo 40, 100 na 232 kwa dakika. Metronomu nyingi za kukaza kwa ufunguo zinaishia 208, kwa hiyo ya tatu tumieni ya simu yenye spika. Zile mbili zikae juu ya ubao ulionyooka, la sivyo zinachechemea. Mpiga piano asizifuate hata moja.