Kizazi kimeshuka daraja la 3: upasuaji wa ukeni au wa tumboni?

Binti_Muheza: Wakuu, naomba ushauri kuhusu mama, miaka 61, uzao wa 6. Kizazi kimetoka nje ya uke sentimita 3, kibofu nacho kimeshuka. Pete ya ukeni ya kuzuia kizazi kisishuke inachomoka kila akienda haja. Ana presha, anatumia dawa. Ameambiwa achague: kutolewa kizazi kupitia ukeni, au kufunguliwa tumbo uke uning'inizwe kwa wavu. Ipi afanye?

Mshono_Imara: Pole dada. Kutoa kizazi peke yake si tiba. Kilicholegea ni ligamenti (kano zinazoshikilia kizazi), kwa hiyo kilele cha uke, yaani sehemu yake ya juu kabisa ndani, kisiposhikizwa, uke wenyewe utashuka baadaye. Mwulizeni daktari atakishikiza wapi.

Akishikiza kwenye ligamenti ya ndani ya nyonga, mara nyingi upande wa kulia, nyuzi hupita kama sentimita 2 kutoka ncha ya mfupa wa nyonga kuelekea katikati, kukwepa neva na mishipa ya damu. Maumivu ya tako ni ya kawaida, wengi huyamaliza ndani ya wiki 6. Yakiwa makali mno na kushuka mguuni mara tu ganzi inapoisha, huenda uzi umebana neva, utolewe mapema. Akitumia ligamenti za kizazi chenyewe, hatari ni kukunja mrija unaopeleka mkojo kutoka figo hadi kibofu, hivyo kamera iingizwe kibofuni kabla hajatoka chumba cha upasuaji, mkojo uonekane ukitoka kwenye mirija ya pande zote mbili.

Wavu wa tumboni hushikizwa mbele ya mfupa wa sakramu, ulio chini ya uti wa mgongo. Hudumu zaidi, na maumivu ya tendo la ndoa ni machache. Ila upasuaji ni mrefu, na wavu unaweza kutokeza ukeni hata miaka baadaye. Msiuchanganye na wavu unaowekwa kupitia ukeni kutibu kushuka. Huo Marekani iliamuru uondolewe sokoni Aprili 2019.

Kwa mama, naegemea ukeni: ganzi ya mgongoni inatosha, na anapona haraka.

Mkunga_Mwandamizi: Kuna pia kufunga uke. Ni upasuaji mfupi na matatizo kurudi ni nadra, lakini tendo la ndoa halitawezekana tena. Aulizwe yeye mwenyewe, faraghani, watoto wasimjibie.

Kabla ya yote, kibofu kijazwe mililita 300, kizazi kirudishwe ndani, akohoe. Kizazi kilichoshuka hukunja njia ya mkojo na kuficha uvujaji. Usipopimwa, kizazi kitakuwa kimetibiwa lakini mama ataanza kulowesha nguo kwa mkojo. Kidonda kwenye shingo ya kizazi nacho kipone kwanza kwa krimu ya estrojeni, na kikitia shaka kikatwe kipande kipimwe.

Binti_Muheza: Asanteni sana. Na ndoo za maji?

Mkunga_Mwandamizi: Wiki 6 asibebe kabisa. Choo kiwe laini, kikohozi kitibiwe. Mpira wa mkojo ukitolewa, akikaa saa 6 bila kukojoa, au akipata homa au damu nyingi, arudi hospitali siku hiyohiyo.