CD8 zimetoka mafungu mawili, nikitupe kichupa?

MtotoWaLikoni:
Asalaam alaykum wanamaabara. Alhamisi stima ilipotea kwetu tangu adhuhuri hadi alasiri, na jenereta ikagoma. Ndani ya friji mlikuwa na kichupa changu cha kingamwili ya CD8 (protini iliyo juu ya seli T zinazoua), kloni SK1, yaani toleo lake, iliyofungwa rangi ya kung'aa ya APC. Jana nikajitoa damu mwenyewe, chupa ya kifuniko cha zambarau, maana ya mgonjwa siichezei. Kwenye skrini ya saitomita, mashine inayopima mng'ao wa seli moja moja, naona fungu moja lang'aa sana, na jingine hafifu limekwama katikati kama abiria aliyeachwa na feri. Bosi ataka tuagize kipya, na bei mwaijua. Je, joto limekiharibu, nikitupe?

BiMwana:
Usitupe kitu, mwanangu. Ulitenga kwanza zenye CD3, alama ya seli T, au ulitazama limfosaiti zote, yaani seli T na wenzake wa kinga?

MtotoWaLikoni:
Zote, Bi Mwana. CD3 niliitia, ila sikuitazama 🙈

BiMwana:
Haya basi. Hizo hafifu nyingi ni seli NK, nazo ni za kuua ila si seli T, hazina CD3. CD8 ni protini ya minyororo miwili: seli T zinazoua huwa na alfa na beta, na baadhi ya NK hubeba alfa mbili, tena haba. SK1 yashika alfa tu, haiulizi mwenyewe ni nani. Chora CD3 dhidi ya CD8 uone zinaangukia wapi. Zikibaki chache hafifu zenye CD3 usishtuke, seli T za gama-delta nazo huwa hivyo. Rangi ingekuwa imekufa, hata fungu linalong'aa lingeshuka. Mimi naogopa zaidi mwanga na kuganda. Kijana wetu mmoja alikisukuma kichupa cha rangi nyingine, PE, hadi ukuta wa nyuma wa friji, kikawa barafu. Tulikizika.

Kisauni_Patholojia:
Nami nadandia. Nina kipande cha uvimbe kwenye nta, SK1 hiyo itanifaa?

BiMwana:
La, kakangu. Fomalini, dawa ya kuhifadhia kipande, huharibu pale SK1 inaposhika. Tafuta kloni C8/144B, yashika mkia wa alfa ulio ndani ya seli, na kwenye nta yafanya kazi. Usisahau kuchemsha slaidi kwanza.

MtotoWaLikoni:
Nimerudi. Hafifu karibu zote hazina CD3, zimebaki kidogo sana, na zile zinazong'aa ziko pale pale. Bosi ameangalia skrini, akaguna, akaenda zake kunywa kahawa. Kichupa kiko rafu ya kati, kimefungwa foili, mbali na ukuta.