Figa tunazozililia zinafungiwa kwenye boksi la mamilioni, LEGO Star Wars mmetuchosha

Wakuu salama. Naomba nitoe dukuduku maana limenikaa kifuani muda mrefu sasa. Najua tunaokusanya LEGO Star Wars (matofali ya plastiki ya kujengea meli za filamu za Star Wars, pamoja na figa, yaani vile vijitu vyake vidogo) kwa hapa Bongo na majirani sio wengi ila tupo, na kila orodha ya seti mpya ikivuja ni walewale tunaokesha kubishana kuhusu boksi ambalo hata picha yake hakuna aliyeiona.

Na sasa kuna orodha nyingine inayokuja, na ndo inavyoanza kila msimu. Inavuja namba ya seti, idadi ya vipande, bei ya dola, basi. Hapo kila mtu anajazia anachokitaka, huyu anasema hii lazima iwe gunship (meli ya kubeba askari) ya uwiano wa figa, yaani figa zinaingia ndani, yule anasema hapana hiyo ni bei ya walker (mashine ya vita inayotembea kwa miguu), mwingine keshaanza kuuza vitu vyake apate nafasi kabatini. Matumaini yanapanda wiki baada ya wiki. Alafu picha rasmi inatoka, unakuta kile ulichokuwa unakililia kweli kipo, ila wamekiweka ndani ya boksi ambalo mtu wa mshahara wa kawaida haligusi. Mimi hapo ndo napandwa na hasira. Wangekuwa hawatusikii ningesema sawa, ni kampuni kubwa iko zake Billund huko Denmark, itajuaje habari zetu. Lakini wanatusikia vizuri mno! Wanajua kabisa tunamtaka nani, ndo maana wanajua wamfungie wapi.

Tumchukue Captain Rex. Kwa asiyefuatilia, kloni ni wale askari wa jeshi la Republic waliozalishwa kwa kunakiliwa, na huyu ndo maarufu kuliko wote, kamanda wa kikosi cha 501st. Rex wa Phase 2 (vazi la pili la kloni, lililofuata lile la Phase 1) alitoka 2013 kwenye seti 75012, ile BARC Speeder yenye kiti cha pembeni, seti ndogo tu ya kawaida. Ikaondoka madukani na bei ya huyo mtu mmoja wa plastiki kule BrickLink, soko la LEGO la mtandaoni, ikapaa mpaka ikawa unafikiria mara mbili kabla ya kufungua hiyo kurasa. Watu wakaomba, wakaomba, wakaomba. 2020 wakatoa 75280, kikosi cha 501st chenyewe, kloni wanne na droidi wawili kwa dola 29.99, na kwa kweli ilikuwa seti nzuri, watu waliigombania. Rex hayumo. Yaani kikosi chake mwenyewe, na hayumo. Tukasema haya, watamleta.

Wakamleta 2023. Ndani ya meli kubwa ya kivita, Venator, 75367, vipande 5,374, dola 649.99. Hapo ni zaidi ya milioni moja na nusu za Kitanzania kabla hujaongelea usafiri wala ushuru. Figa ziko mbili tu, Rex na Admiral Yularen. Na msinielewe vibaya, ile meli ni nzuri, aliyeichora anajua kazi yake, ubavu ule na ule mstari mwekundu juu vimekaa sawasawa. Ila ile meli sio ya uwiano wa figa! Rex haingii humo, hana kiti humo, hana mlango humo. Ni mapambo ya kuwekwa karibu na kibao cha maelezo. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini yumo humo, jibu ni moja tu, wanajua kuna mtu atalipa yote hayo kwa ajili yake. Ni kama yule mwenye duka anayekwambia sukari ipo ila lazima uchukue na katoni ya sabuni.

Sasa subiri. 2024 wakatoa 75391, ile Microfighter (kijindege kidogo cha kivita) ya Y-wing, vipande 99, bei chini ya dola 20, na ndani kuna nani? Captain Rex. Nilifurahi, kabisa nilifurahi, maana mtoto wa mtu yeyote sasa anaweza kuwa na Rex wake. Lakini hapohapo hasira ikaja maana wenyewe wamethibitisha kuwa inawezekana. Hakuna cha ugumu wa kiufundi, hakuna cha gharama ya molda, Rex anakaa kwenye boksi dogo kama kawaida na dunia haijaisha. Kwa hiyo ile miaka kumi tuliyosubiri ilikuwa ya nini? Na kama kwa Rex imewezekana, kwa nini Commander Fox alipokuja 2023 ilibidi ununue gunship ya Coruscant Guard ya dola 139.99, na Commander Cody 2022 ilibidi ununue walker ya AT-TE ya dola 139.99 pia? Kila kamanda na boksi lake la gharama, ukitaka kukamilisha jeshi lako inabidi uwe na duka.

Na hiyo AT-TE nayo. Ndo ilikuja na zile helmeti mpya za kloni zenye matundu pembeni, eti sehemu ya kuchomeka vikinga macho na vidude vya kuonea mbali. Sawa, kwa kamanda mwenye kidude naelewa. Ila askari wa kawaida ambaye hana cha kuchomeka, kwa nini naye awe na tundu kila upande wa kichwa? Ukimpanga mstari mmoja na kloni wa zamani anaonekana kabisa kama hajamalizwa kutengenezwa. Watu walipiga kelele dunia nzima juu ya hayo matundu, na wapo wanaotucheka kwamba tunalia juu ya tundu la milimita chache. Cheka tu. Mtu anayejenga jeshi anaangalia helmeti kabla hajaangalia kitu kingine chochote, na ndo maana tunalipa.

Alafu kuna ile ya gunship ya UCS (zile seti kubwa za wakusanyaji) ambayo mimi mpaka leo haijanitoka. 2020 kampuni ikaweka kura kwa mashabiki kupitia LEGO Ideas, tovuti yao ya mawazo ya mashabiki, chagueni seti kubwa mnayoitaka, kuna Nebulon-B, kuna TIE Bomber, kuna Republic Gunship. Watu tukapiga kura, Gunship ikashinda, na kila mtu aliyepiga hiyo kura alikuwa anaona kitu kimoja kichwani, milango inafunguka kloni wamesimama ndani wameshika vishikio. Gunship maana yake ni kubeba askari, kazi yake ni hiyo! Agosti 2021 ikatoka 75309, vipande 3,292, dola 349.99, mabawa yana upana wa zaidi ya sentimita 70, ikawa ni kubwa kuliko uwiano wa figa. Kloni hawakai vizuri humo ndani, wanapotea. Figa zikawa mbili, Mace Windu na kamanda mmoja wa kloni, wote wa kusimama nje. Tulipiga kura ya kitu kimoja wakatupa kingine chenye jina hilohilo. Na zamani walikuwa wanaziweza, 7676 ya 2008 ilikuwepo, 75021 ya 2013 ilikuwepo, zote unaweka askari ndani unafunga mlango, hivyo msiniambie haiwezekani.

Sasa Death Star, kile kituo cha vita cha angani cha duara. 75419, Oktoba 2025, vipande 9,023, figa 38, dola 999.99. Seti ya kwanza kabisa ya LEGO kufika hiyo bei. Na sio duara, ni kama wameikata wakatuachia kipande cha katikati, unaiangalia kwa mbele unaona vyumba, ukizunguka nyuma unakutana na ukuta. Ile 10188 ya 2008 ilikuwa na vipande 3,803 tu kwa dola 399.99 lakini ilikuwa inazungukika, ukiiweka mezani watu wanaikalia pande zote. Nimesoma watu wanaitetea hii mpya kwamba gawanya bei kwa vipande utaona ni haki. Haya gawanyeni na Eiffel Tower ya 2022, vipande 10,001 kwa dola 629.99. Najua vipande vya Eiffel vingi ni vidogovidogo, najua Star Wars ina leseni ya Lucasfilm na Disney, najua figa 38 zina gharama ya kuchapa. Yote nayajua. Bado tofauti ya dola 370 kwa kitu chenye vipande pungufu karibu elfu moja ni kubwa mno, na humo ndani tena kuna figa ambazo mtu anazitaka mojamoja na hawezi kuzipata mojamoja.

Tena wanavyotuzoesha ni taratibu. Millennium Falcon 75192 ilitoka 2017 kwa dola 799.99, 2022 wakapandisha bei za seti nyingi wakasema malighafi na uendeshaji vimepanda, Falcon ikawa 849.99, seti ileile, vipande vilevile 7,541, haijaongezwa hata kipini. Tukazoea. Baada ya hapo dola elfu moja haishtui tena, si ndio? Na seti za watoto nazo humohumo, mwaka 2021 X-wing (ndege ya kivita) ya Luke 75301 ilikuwa vipande 474 kwa dola 49.99. Hii mpya ya 2026 yenye tofali la Smart Play linalotoa sauti na taa ni vipande 584 kwa dola 89.99. Hilo tofali ni uvumbuzi mzuri, sikatai, watoto watafurahi. Ila X-wing ya kawaida isiyo na sauti, ya mtoto ambaye mzazi wake hana hiyo 90, iwepo pembeni yake, na iwe nzima sio ya kubana bana.

Kuna wale wa "kama huna hela usinunue". Ndugu yangu, hapa sio suala la mimi kukosa hela ya Death Star. Sijawahi kuililia Death Star. Mimi na wengi humu tunachokilia ni seti ya dola 30, ya 40, ya 50, yenye kloni waliochapwa mpaka mikono na miguu, na kamanda mmoja mwenye jina. Hiyo tutanunua mbili, tatu, nne nne. Na kuna wale wa "hizo ni za watoto". Boksi la Venator limeandikwa 18+. Nyie wenyewe mnaona.

Kwetu huku inauma zaidi kwa sababu hatuna duka la kuingia ukachagua. Tunamsubiri mtu anayetoka Dubai au shemeji anayerudi likizo kutoka Uingereza, na boksi la Venator haliingii kwenye begi la mtu, linakuja kwa kago, forodha wanalikadiria, unalipa ushuru na VAT ya asilimia 18 juu. Wakati boksi dogo mtu anaweka katikati ya nguo zake linafika. Kwa hiyo kila kamanda anapohamishiwa kwenye boksi kubwa, kwetu ndo kafutwa kabisa. Zile zawadi za May the 4th (siku ya Star Wars, tarehe 4 Mei) za ukinunua kiasi fulani unapewa seti ndogo, nazo ni mpaka ziishe, shemeji mpaka akumbuke kuingia kwenye tovuti zimeshakwisha na walanguzi wameshaziweka sokoni. Matokeo yake watu wanaenda Kariakoo wananunua feki. Mimi feki sinunui, wale Lepin, watengenezaji wa LEGO feki, walikamatwa huko China 2019 na walistahili maana waliiba kazi za watu mpaka picha za boksi, lakini siwezi kumlaumu mzazi anayemchukulia mwanae kloni wa elfu chache wakati wa halali amefungiwa juu ya meli ya milioni.

Na wakitaka wanaweza, hiki ndo kinaniumiza. Angalia zile meli za saizi ya kati walizoanza juzijuzi, Executor 2023 vipande 630 kwa dola 69.99, Invisible Hand 2024 vipande 557 kwa dola 49.99, Acclamator 2025 vipande 450 kwa dola 49.99. Zile ni seti safi. Zinakaa kwenye rafu ya kawaida, zina umbo lake, bei inaongeleka. Battle Pack (boksi dogo la askari) ya 501st ya 2023, 75345, kloni wanne kwa dola 19.99, safi. Ingawa tusisahau Battle Pack ya kwanza ya kloni 2007, 7655, nayo ilikuwa na wanne kwa dola 9.99.

Kwa hiyo kwa orodha hii inayokuja, ambayo kila mtu anaishangilia kabla hajaona picha, mimi nataka vitu vitatu. Gunship ya uwiano wa figa, ya jeshi la kawaida la Republic, milango inayofunguka na kloni wasiopungua wanne ndani, isizidi dola 150. Battle Pack ya Phase 1 yenye kamanda mwenye jina, sio "Clone Commander" asiyejulikana ni nani. Na helmeti zisizo na matundu kwa askari asiye na cha kuchomeka. Wakitoa tena boksi la dola mia sita lenye kamanda mmoja tunayemtaka, hilo sinunui, na figa yake silipii kwa walanguzi, nitabaki na kikosi changu bila kamanda.

Mliopo Nairobi, Mombasa na Dubai wekeni hapa bei mnazoziona za AT-TE 75337 kama bado kuna maduka yanayo, na kama kuna mtu ana helmeti za zamani za Phase 2 zisizo na matundu za ziada aje inbox, nahitaji nyingi.