Mchapishaji anamsifia mwandishi "mwisho" wa riwaya ambao hajatumiwa, kisha anadai pesa!

Wakuu, wiki nzima nimelibeba jambo hili kifuani na leo nalitoa.

Riwaya yangu nimeiandika kwa miaka mitatu. Naamka saa kumi alfajiri, naandika mpaka saa kumi na mbili, kisha natoka kwenda kazini. Kuna siku saa zote mbili zinaisha nimepata aya moja tu, na kesho yake naifuta. Sura ya saba peke yake nimeiandika upya mara tano, kwa sababu mjane wangu alikuwa anamsamehe shemeji yake upesi mno. Kila nilipoisoma kwa sauti nilijisikia mimi ndiye ninayesema, si yeye. Nawaeleza haya mjue ni kitu gani kimechezewa.

Basi nikapata mchapishaji anayepokea miswada. Alitaka sura tatu za mwanzo, herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari. Nikatekeleza yote. Siku ya nne jibu likaja: eti jopo lao limeisoma riwaya "yote kwa makini" na limeguswa na jinsi wahusika wanavyokua mpaka ukurasa wa mwisho.

Ukurasa wa mwisho upi? Wana sura tatu!

Lakini usiku ule sikuliona hilo. Furaha ilinipofusha. Nikampigia mama nikamwambia kitabu kinatoka, naye asubuhi akawa ameshawatangazia majirani. Hapo ndipo panaponiuma kuliko pote.

Mkataba ulipokuja ndipo nikaona. Nilipie uhariri, nilipie jalada, nilipie ISBN, ile namba ya kitabu, halafu ninunue mwenyewe nakala 200 za kwanza. Na haki zote, za lugha zote, hadi filamu, ziwe zao daima. Daima!

Mchapishaji wa kweli anatoa pesa yake mwenyewe kuhariri, kupanga kurasa na kuchapa, akitegemea kuirudisha kwa wasomaji, na mwandishi anapata mrabaha, yaani fungu lake katika bei ya kila nakala inayouzwa. Mrabaha wenyewe ni mdogo, kwa kitabu cha jalada laini mara nyingi hauvuki asilimia 10, lakini unatoka kwake kuja kwako. Huyu wa kwangu faida yake angekuwa ameshaitia mfukoni kabla nakala moja haijauzwa. Atahangaika kukiuza ili iweje?

Simsemi anayejichapishia mwenyewe. Yule anamlipa mpiga chapa, anajua anachonunua, na haki zinabaki kwake. Hiyo ni njia halali kabisa na nami naifikiria.

Nilipouliza kwa nini nilipie, wakanitisha: wasipoisajili wao, riwaya yangu itaibwa na sitakuwa na pa kushitaki. Uongo mtupu! Katika nchi zilizojiunga na Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya kulinda kazi za waandishi ambayo chimbuko lake ni mwaka 1886, hakimiliki ni yako tangu unapoiandika kazi yako, bila kusajili popote, na inadumu angalau miaka 50 baada ya wewe kufa. Hata ISBN ni namba ya kukitambulisha kitabu tu, tarakimu 13, haimlindi mtu na mwizi. Wanajua hayo yote. Wanajua pia kwamba mtu anayeandika gizani miaka mitatu bila kusomwa na yeyote ana kiu ya neno moja zuri, na hiyo kiu ndiyo wanayoifanyia biashara.

Kama umepata barua ya namna hii, tafuta kwanza kipengele cha muda wa haki, kisha waulize swali moja kuhusu sura ya katikati. Mimi niliwauliza mjane anamfanya nini shemeji yake. Hawakujibu.

Jana wameniandikia tena. Ada imepunguzwa nusu, mwisho Ijumaa. Sura ya saba hawajaiomba mpaka leo.