Redfishi na trauti kwa nahodha wa kukodi: Galveston, Rockport au Louisiana? (Mzee ni mvuvi wa Pangani)

MkweWaPangani, Houston

Wakuu, salaam. Baba mkwe anakuja kututembelea na atakuwa nasi Oktoba nzima. Ni mvuvi wa Pangani. Amevua kwa mshipi na madema tangu ujana mpaka magoti yalipoanza kumsumbua, na sasa ana miaka 68. Nataka nimtoe siku moja majini: yeye, mjukuu wake wa miaka 11 na mimi, pamoja na nahodha wa kukodi anayeyajua maji ya huku. Bahari kuu hapana. Tunataka ghuba na vinamasi, kwa samaki wawili wanaosifiwa pwani hii: redfishi, yule wa rangi ya shaba mwenye doa jeusi mkiani, na trauti wa madoadoa.

Nimebaki na njia tatu, na bei ni za manahodha niliowapigia simu:

Galveston. Saa moja kwa gari. Boti pana ya futi 24, kamba hai chini ya boya, saa tano kwa dola 650.

Rockport. Saa tatu kwa gari. Mmoja anashusha wateja wavue wakiwa wamesimama majini, mwingine anatumia boti bapa inayosukumwa na panka kubwa. Wote wako kwenye dola 800.

Hopedale, Louisiana, mbele ya New Orleans. Saa sita na nusu za gari, kulala usiku mmoja au miwili. Siku nzima dola 900, malazi mbali.

Uwezo wangu ni safari moja tu, sina ya pili. Mngechagua ipi?

KambaHai_TX

Mkuu, mimi nina miaka tisa Galveston, mara kwa nahodha, mara kwa boti ya rafiki. Kwa Oktoba usiende mbali. Maji yakianza kupoa kamba weupe wanatoka vinamasini kuelekea baharini. Trauti wanawafuata kwa chini, shakwe wanawafuata kwa juu. Ukiona shakwe wamejazana mahali pamoja East Bay au Trinity Bay wanapiga mbizi na kupiga kelele, nahodha anazima injini mbali kidogo, mnaachia boti isukumwe na upepo, mnarusha. Mtoto wa miaka 11 atapata samaki bila mafunzo marefu.

Upepo ukiruhusu, mwombe nahodha awapeleke kwenye kuta za mawe za mlango wa bandari. Septemba na Oktoba redfishi wakubwa wanakusanyika huko kuzaliana, wa inchi 36 mpaka 40 na zaidi. Hao kwa kawaida huachiwa, lakini mzee atapigana naye dakika kumi na tano, na atakumbuka.

Jua vipimo kabla. Texas redfishi ni watatu kwa mtu kwa siku, inchi 20 hadi 28. Trauti pia ni watatu, inchi 15 hadi 20, tangu 2024. Zamani trauti walikuwa wengi zaidi kwenye boksi, ila baridi ya Februari 2021 iliua samaki wasiopungua milioni 3.8 pwani ya Texas, na ghuba ya Laguna Madre, upande wa kusini, ndiyo iliyoumia kuliko kwingine. Mimi naunga mkono kupunguza. Tena nahodha hahesabiwi: mkiwa wavuvi watatu, ni redfishi tisa na trauti tisa, basi.

Mama Rehema, New Orleans

Mwanangu, kwa heshima zote kwa KambaHai, mpeleke mzee Louisiana.

Nimeishi huku miaka 14, na mume wangu hakosi vinamasini mwezi hata mmoja. Hopedale na Delacroix ni vijiji vya wavuvi hasa. Wenyeji wengi ni wazao wa watu wa Visiwa vya Kanari walioletwa na Wahispania kuanzia 1778, na mpaka leo utakuta mzee gatini anashona nyavu za kuvulia kamba. Baba mkwe wako atashuka kwenye gari na kujua yuko kwa watu wake, hata kama lugha haipatani.

Na samaki wapo. Huku trauti ni 15 kwa mtu, inchi 13 hadi 20, wawili tu ndio wanaweza kuzidi 20. Redfishi ni wanne, inchi 18 hadi 27, na kuanzia Juni 2024 aliyepita 27 haruhusiwi kabisa. Tumepunguziwa kwa sababu. Tangu miaka ya 1930 jimbo hili limepoteza ardhi ya takriban maili za mraba 2,000, na sehemu kubwa ni hivi vinamasi ambamo redfishi anakulia miaka yake ya kwanza kabla hajatoka kwenda baharini. Ukipita na boti nahodha anakuonyesha ziwa la wazi anasema, hapa palikuwa na majani nilipokuwa mdogo. Inauma.

Angalizo moja. Mkilala kwenye kambi za wavuvi, ulizeni chakula mapema. Gumbo, mchuzi mzito wa huku, mara nyingi ina soseji ya nguruwe hata ikiitwa ya samaki au ya kamba. Waambieni kabla hamjafika, wanapika nyingine bila kinyongo.

Kasongo_Corpus

Ndugu, mimi naishi karibu na Rockport, na nakuambia Rockport usije na mzee huyo. Si kwamba ni pabaya, ndipo ninapopapenda kuliko pote. Maji ni angavu, nyasi za bahari chini, unamuona redfishi mwenyewe anakuja ameinamisha kichwa anatafuta kaa. Lakini uzuri wake unaupata kwa miguu. Unatembea kwenye matope na chaza saa nne, maji kiunoni. Kwa magoti yale, hapana.

Tena kuna taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani. Sisi tunaburuta miguu mchangani ili aondoke kabla hujamkanyaga. Mzee anajua hilo kuliko mimi, lakini mtoto? Na jambo wanaloficha wenye kuuza safari: maji yakiwa na joto, kuna bakteria anaitwa Vibrio vulnificus anayeingia kwenye kidonda hata kidogo. Mwenye kisukari au ugonjwa wa ini akipata anaweza kufa kwa siku chache. Kama mzee ana sukari, asiingie majini na kidonda, na mkichomwa na mwiba wa samaki safisheni palepale kwa maji safi na sabuni.

Boti ya panka ni ya Desemba na Januari zaidi, na kelele zake ni za kuvaa vizuia sauti masikioni. Mtu aliyekuja kuongea na mjukuu wake hatasikia kitu.

MkweWaPangani, Houston

Ahsanteni sana. Kasongo, sukari anayo kweli. Rockport nimeitoa. Mama Rehema, shikamoo, maneno yako yamenigusa, nabaki na saa sita na nusu za gari kwa mtu mwenye magoti mabaya. Na Florida je? Kuna rafiki ananiambia Mosquito Lagoon ndiyo Makka ya redfishi.

Kasongo_Corpus

Mosquito Lagoon, kuanzia Septemba 2022 redfishi hakuruhusiwa kuchukuliwa, ilikuwa ni kumvua na kumwachia. Nyasi za bahari zilikufa sana upande ule, mwaka 2021 nguva zaidi ya 1,000 walikufa Florida, wengi kwa njaa. Wacha maji yale yapumzike.

BamvuaCharleston

Naingia kuchelewa. Mimi ni wa Kilwa, naishi South Carolina. Kuna jambo hamjamwambia kuhusu maji yenyewe.

Mzee wa Pangani anavua kwa mwezi. Kwao maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapanda zaidi ya mita tatu, na anajua saa ya kutoka kwa kuangalia angani. Galveston maji yanapanda na kushuka kama futi moja na nusu tu! Huko mwenye amri ni upepo. Upepo wa kaskazini ukivuma baada ya baridi kuingia, unayasukuma maji yote nje ya ghuba na vinamasi vinabaki matope, hata kama jedwali linasema maji yanajaa. Mweleze mapema, la sivyo atamuona nahodha hajui kazi.

Huku kwetu Charleston maji yanapanda futi tano na sita. Wakati wa bamvua yanaingia mpaka kwenye majani ambayo siku zote ni makavu, redfishi wanafuata kaa wadogo humo, na mikia inatokeza juu ya maji inang'aa jua la jioni. Nahodha anasimama nyuma juu ya jukwaa anasukuma mtumbwi kwa upondo, kimya kabisa. Upondo ule ule! Mara ya kwanza kuona nilishindwa kuzungumza. Najua ni mbali kwenu, lakini mkipata mwaliko wa huku, msikatae.

Sasa swali ambalo ningemuuliza kila nahodha kabla ya bei: nani atarusha mshipi? Manahodha wengi, kwa wema kabisa, wanarusha wenyewe, wanamkabidhi mteja fimbo samaki akishashika. Mgeni wa ofisini anafurahi. Mtu aliyelisha watoto wake kwa mkono wake, hapana. Mzee wangu alifanyiwa hivyo, akamaliza siku nzima amekaa kimya, na nyumbani hakusema neno juu ya safari ile. Mpaka leo najuta sikuuliza.

KambaHai_TX

Bamvua umesema kweli, ningeanza na hilo mimi. Naongeza: Texas redfishi na trauti ni wa fimbo na mshipi, kwa hiyo mshipi wa mkono aliouzoea auache. Mchukue wiki moja kabla kwenye gati lolote la Galveston ajifunze rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Na trauti ana mdomo laini kama karatasi. Akimkung'uta kama anavyomkung'uta changu, ndoana inachana na samaki anakwenda zake. Avute polepole, mshipi usilegee.

Leseni: kila aliyetimiza miaka 17 lazima awe nayo yake pamoja na kibali cha maji ya chumvi. Mtoto hahitaji. Mzee anakata ya asiye mkazi, ipo ya siku moja. Nahodha mwenyewe awe na leseni ya Walinzi wa Pwani, ile ya abiria wasiozidi sita. Mwombe aionyeshe, mtu wa haki hakasiriki. Bakshishi ni asilimia 15 hadi 20, iwekeni kwenye bajeti.

Mama Rehema, New Orleans

Nimekubali kwa ajili ya magoti. Basi mwanangu, sikiliza la jikoni. Samaki wakisafishwa gatini nahodha anatoa minofu na vilivyobaki vinakwenda kwa mwari, wale ndege wakubwa wa mdomo wenye mfuko. Sema mapema kabisa kwamba vichwa ni vyenu. Kichwa cha redfishi ni supu ya watu wanne.

Redfishi mwambie asimtoe magamba. Apasue minofu ngozi na magamba vikibaki, unalaza upande wa magamba juu ya makaa, unapaka tui zito la nazi, ndimu, bizari na pilipili juu ya nyama. Magamba yanazuia moto, nyama haiungui. Wenyeji wa huku wanachoma hivyo hivyo kwa siagi, sisi tunafanya ya kupaka. Trauti mleni siku hiyo hiyo, akigandishwa analegea. Na mkiona mnyoo mweupe kwenye nyama ya trauti msitupe samaki. Ni wa kawaida kwake, haumdhuru mtu, mnauvuta na kisu.

MkweWaPangani, Houston (wiki nne baadaye)

Wakuu, tumerudi, nimeona ni haki yenu kujua.

Tulikwenda Galveston. Nahodha wa nne niliyempigia ndiye aliyenijibu, "Baba yako atarusha mwenyewe, mimi nitaendesha boti." Alitaka dola 50 zaidi ya wengine. Nikalipa.

Tulitoka saa 12 na nusu asubuhi. Maji yalikuwa chini sana, baridi ilikuwa imeingia juzi yake. Saa nzima hatukupata kitu juu ya miamba ya chaza, nahodha akaanza kuzungumzia kuhama. Mzee hakuwa anatazama boya lake. Alikuwa anatazama mlango wa kijito upande wa kushoto. Akaniambia, "Mwambie aende pale, mkizi wanaruka wakielekea upande mmoja. Kuna kinachowafukuza." Nikatafsiri. Nahodha akatazama, akawasha injini bila kuuliza. Redfishi watatu wa halali tuliwapata pale, wa kwanza mzee, wa pili mjukuu, wa tatu mzee tena. Mimi nilikuwa na kazi ya wavu.

Yule wa kwanza alipotolewa majini alikoroma mkononi mwake, ile ngurumo yao ya tumboni. Mtoto aliogopa. Mzee akamshikisha mkono kwenye tumbo la samaki aisikie.

Baadaye shakwe walitupatia trauti saba. Ukutani kwenye mawe mzee alishika mkubwa wa inchi 38 na alipigana naye amekaa, kwa sababu ya magoti, nahodha akizungusha boti kumfuata. Nilihofia kumwambia kwamba huyu tunamwachia. Nilipomwambia akauliza umri wake. Nahodha akasema wa ukubwa ule ana miaka mingi kuliko mjukuu, na wapo wanaofika 40. Mzee akamshika mkiani, akamsukuma mbele na nyuma majini mpaka akapata nguvu, ndipo akamwachia.

Saa ya adhuhuri tulikuwa gatini. Alisali palepale gatini wakati nahodha anapasua samaki. Vichwa vitatu tuliondoka navyo, mwari walitusindikiza mpaka kwenye gari. Mke wangu alipika ya kupaka kama Mama Rehema alivyosema, na supu kesho yake.

Mama Rehema, ana siku tisa kabla ya kurudi. Jana usiku ameniuliza maji ya Hopedale yana kina gani na kama wale wazee wanaoshona nyavu wanatumia sindano ya mti au ya plastiki. Naomba unijibu hilo la sindano, anasubiri.